Alamu na kuwasha gari kwa rimoti: mambo ya kujua kabla ya kufunga kwenye gari la zamani

Kila tunapozungumzia wizi wa magari hewani, swali moja hurudi. Msikilizaji ana pikapu au gari dogo la miaka ya tisini, halina alamu, na dukani ameona boksi lenye rimoti mbili, king'ora na kifungu cha waya za rangi zote. Muuzaji amemwambia kwamba kwa rimoti hiyo atafunga milango, atalinda gari, na hata ataliwasha akiwa bado kitandani. Anatuuliza: je, kifaa hiki kinafaa kwa gari langu?

Jibu letu fupi ni kwamba alamu inafaa karibu kila gari, ikifungwa vizuri. Kuwasha kwa rimoti ni jambo jingine. Kwenye gari la gia za mkono kunaweza kuua mtu, na tutaeleza sababu.

Tumeandika makala hii kwa ajili ya mwenye gari, ili aelewe anachofanyiwa, ajue la kumuuliza fundi, na aweze kuikagua kazi kabla ya kulipa. Kijijini gari moja mara nyingi ndilo linalopeleka mazao sokoni mchana na mama mjamzito hospitali usiku. Likizimika kwa waya mmoja uliounganishwa vibaya, hasara si ya mwenye gari peke yake.

Kwa ufupi

• Pima kwanza kama gari lako ni la volti 12 au 24. Alamu ya volti 12 huungua kwenye gari la volti 24.
• Kwenye gari la gia za mkono, usikubali kufungiwa sehemu ya kuwasha kwa rimoti.
• Alamu ikate umeme wa stata, isikate injini inayotembea.
• Kila waya mkubwa unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi yake, karibu na betri.
• Usiwashe gari ndani ya banda au gereji iliyofungwa, kwa ufunguo wala kwa rimoti.

Kifaa hiki kimetoka wapi

Magari ya mwanzo yaliwashwa kwa mkono. Dereva alichomeka chuma mbele ya injini na kukizungusha kwa nguvu, na injini ikirudi nyuma ghafla iliweza kumvunja mkono. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme, iliyobuniwa na Charles Kettering. Tangu hapo kazi ya kuzungusha injini imekuwa ya mota ndogo inayokula umeme wa betri.

Stata ikishakuwa ya umeme, haijali nani ameiamuru. Ufunguo ni swichi tu. Kifaa kingine kikipeleka umeme kwenye waya uleule, injini itazunguka vilevile. Hiyo ndiyo siri yote ya kuwasha kwa rimoti.

Kifaa hiki kilipata umaarufu nchi za baridi kali, kama Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani. Huko barafu hufunika vioo, kwa hiyo mtu huwasha gari akiwa ndani ya nyumba ili lipate joto kabla hajatoka. Magari mengi ya huko ni otomatiki. Kwetu baridi ya namna hiyo haipo, lakini maboksi ya alamu huja na sehemu hiyo ndani yake, na fundi akiona waya huona afadhali auunganishe. Hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia.

Ndani ya boksi kuna nini

Maboksi hutofautiana, lakini mengi yana vitu hivi:

• Ubongo wa alamu, kisanduku kidogo cha plastiki chenye soketi za waya.
• Rimoti mbili.
• King'ora.
• Kihisi cha mtikisiko, kinachotambua gari likigongwa au kusukumwa.
• Taa ndogo ya kuwaka na kuzima kwenye dashibodi.
• Kitufe kidogo cha dharura.
• Rilei moja au zaidi.

Rilei inahitaji maelezo. Ni swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole. Umeme mdogo ukipita kwenye koili yake, sumaku huvuta kipande cha chuma, na chuma hicho hufungua au kufunga njia ya umeme mkubwa. Ukiigeuza utaona namba. 85 na 86 ni miguu ya koili. 30 ni mahali umeme mkubwa unapoingia. 87a imeungana na 30 rilei ikiwa imepumzika. 87 huungana na 30 rilei ikiwa imevutwa. Kumbuka 87a, tutairudia.

Pima kabla ya kununua

Magari madogo mengi yana betri moja ya volti 12. Malori na mabasi madogo mengi ya dizeli, na baadhi ya magari makubwa ya porini, yana betri mbili zilizoungwa mfululizo kupata volti 24. Lakini betri mbili peke yake si ushahidi, kwa sababu yapo magari ya volti 12 yenye betri mbili zilizoungwa sambamba. Pima kwa mita. Betri nzima ya volti 12, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, husoma kama 12.6. Injini ikiunguruma, chaji husoma kati ya 13.8 na 14.4.

Kama gari lako halifikii namba hizo, tengeneza kwanza betri au chaji. Ukifunga alamu kwenye gari lenye umeme dhaifu, itapiga kelele bila sababu, na utadhani alamu ndiyo mbovu.

Angalia pia kama gari limewahi kufungwa alamu nyingine. Chini ya dashibodi ya gari lililopita mikono mingi mara nyingi utakuta waya zilizokatwa na kufungwa tepu. Mwambie fundi aondoe mabaki yote kabla ya kuanza. Alamu mpya ikiungwa juu ya ya zamani, likitokea tatizo hakuna atakayejua pa kuanzia.

Waya za swichi ya ufunguo

Nyuma ya swichi ya ufunguo, ndani ya kava la usukani, kuna kifungu cha waya nene. Fundi anatakiwa kuzitambua moja moja kwa mita. Rangi hazitoshi, kwa maana hutofautiana kati ya modeli na modeli, na kwenye gari la zamani huenda waya ulishabadilishwa. Kila waya una tabia yake:

• Waya wa kudumu una volti 12 muda wote, hata ufunguo ukiwa nyumbani.
• Waya wa redio huamka kwenye hatua ya kwanza ya ufunguo na kulala wakati stata inapiga.
• Waya wa injini huamka ufunguo ukiwa ON na hubaki na umeme hata stata ikipiga. Ukilala, injini huzimika.
• Waya wa feni na vifaa vingine huamka ON, hulala stata ikipiga, kisha huamka tena.
• Waya wa stata huwa na umeme tu pale ufunguo unaposhikiliwa mwisho kabisa.

Baadhi ya magari yana waya mbili za kudumu au mbili za injini. Fundi akiusahau mmoja, gari linaweza kuwaka na kuzimika palepale ukiachia stata.

Mita ni salama zaidi kuliko taa ya kupimia yenye balbu. Balbu huvuta umeme mwingi, na ukiigusisha kwenye waya wa kompyuta ya injini unaweza kuiharibu. Gari lenye kabureta halina hofu kubwa hapo. Lenye mfumo wa sindano za kielektroniki linayo.

Tahadhari nyingine ni waya zenye kava au soketi za njano kwenye usukani. Hizo ni za mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali. Zisiguswe, zisipimwe, zisikatwe. Gari likiwa na mfuko huo, fundi atoe waya hasi wa betri na asubiri angalau dakika moja na nusu kabla ya kufungua kitu chochote kwenye usukani.

Alamu inajuaje mlango umefunguliwa

Mlango ukifunguka, taa ya ndani huwaka. Inayoiwasha ni swichi ndogo kwenye fremu ya mlango, na alamu husikiliza swichi hiyohiyo. Kwenye magari mengi ya Kijapani swichi hiyo hupeleka hasi, ile mafundi wanayoiita athi: mlango ukifungwa waya husoma volti 12, ukifunguliwa husoma sifuri. Yapo magari yanayofanya kinyume chake, ndiyo maana maboksi mengi huwa na waya mbili za mlango, mmoja wa hasi na mwingine wa chanya. Unatumika mmoja tu.

Kwenye pikapu la zamani swichi hizi huwa zimeota kutu. Safisha au nunua mpya kabla alamu haijafungwa. Swichi moja inayoshika na kuachia inatosha kupigisha king'ora usiku kucha mpaka majirani wakuchukie.

Boneti nayo iwe na swichi yake. Bila hiyo mwizi atainyanyua, atachomoa betri, na alamu itanyamaza.

Kihisi cha mtikisiko kifungwe kwa skrubu kwenye chuma au plastiki ngumu iliyo imara. Kikiachwa kikining'inia kwenye waya hakitasikia kitu. Kina kiskrubu cha kupunguza na kuongeza ukali. Kikiwa kikali mno, mbuzi akijikuna kwenye bampa, radi au lori likipita, king'ora kitalia. Alamu inayolia ovyo ni mbaya kuliko kutokuwa na alamu, kwa sababu baada ya wiki moja hakuna atakayetoka nje kuangalia.

King'ora kikae ndani ya chumba cha injini, mbali na ekzosi, mdomo ukielekea chini ili maji yasituame ndani yake.

Kukata stata kwa njia salama

Kelele peke yake haimzuii mwizi mwenye ufunguo bandia. Kinga nzuri zaidi ni alamu kuzuia gari lisiwake. Hapa fundi ana njia mbili za kuchagua, na uchaguzi huo ni mzito.

Njia ya kwanza ni kukata waya wa injini au wa pampu ya mafuta. Hatuipendekezi. Rilei ikifa au waya ukilegea ukiwa mteremkoni, injini itazimika gari likiwa mbioni. Injini ikizimika, usukani wa pawa huwa mzito, na breki zinazosaidiwa na mvuto wa hewa wa injini huwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache. Kwa sababu hiyohiyo mwambie fundi azime ile huduma ya kuzima gari likiwa linatembea, ambayo maboksi mengine huiita kinga ya utekaji.

Njia ya pili ni kukata waya wa stata. Hitilafu ikitokea njiani hakuna kitakachotokea, kwa kuwa stata haina kazi tena injini ikishawaka. Utagundua tu utakapotaka kuwasha tena.

Sasa turudi kwenye 87a. Waya wa stata hukatwa sehemu mbili. Upande unaotoka kwenye ufunguo huingia 30, na upande unaokwenda kwenye stata hutoka 87a. Mguu 86 hupewa umeme wa ufunguo, na 85 huungwa kwenye waya wa alamu unaotoa hasi alamu ikiwa imefungwa. Maana yake, rilei ikipumzika gari linawaka. Ubongo wa alamu ukifa, gari bado litawaka kwa ufunguo.

Wapo mafundi wanaotumia 87 badala ya 87a, wakisema mwizi akikata umeme wa alamu gari halitawaka kabisa. Wanasema kweli. Lakini alamu ikiharibika saa nane za usiku, wewe nawe hutaliwasha. Kwa gari linalotegemewa na kijiji kizima, sisi tungechagua 87a, kisha kumwongezea mwizi kazi kwa swichi ya siri iliyofichwa, mnyororo wa usukani au mlinzi.

Kuwasha kwa rimoti: hatua kwa hatua

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, ubongo huiga mkono wa dereva. Hupeleka umeme kwenye waya wa injini na wa vifaa, na kusubiri kidogo. Huzima vifaa, kisha hupeleka umeme kwenye waya wa stata kwa muda mfupi. Injini ikishika, huachia stata na kurudisha vifaa. Baada ya dakika kadhaa ulizozipanga, kama hakuna aliyeingia, huzima injini.

Inajuaje kwamba injini imeshika? Njia bora ni kuunga waya kwenye upande hasi wa koili ya plagi au sehemu nyingine inayotoa mapigo injini ikizunguka. Njia nyingine ni kuangalia volti: chaji ikianza, volti hupanda. Kwenye gari lenye chaji dhaifu njia hii ya pili hudanganyika, na stata huendelea kusaga wakati injini imeshawaka. Mlio ule wa chuma kusagana ni wa meno ya stata yako yanayokwisha.

Kama kuna rilei ya kukata stata, waya wa stata wa rimoti lazima uungwe upande wa 87a, baada ya sehemu iliyokatwa. Ukiungwa upande wa ufunguo, alamu itajizuia yenyewe.

Kisha kuna waya mbili ambazo mafundi wenye haraka huziacha. Wa kwanza ni wa swichi ya breki, ili mtu akikanyaga breki bila ufunguo kuwa ON, injini izimike. Wa pili ni wa swichi ya boneti, ili gari lisiweze kuwaka wakati mtu ameinama juu ya feni na mkanda. Bila waya hizi mbili, kazi haijakamilika.

Gia za mkono: hapa ndipo hatari ilipo

Gari la otomatiki lina swichi kwenye gia inayozuia stata isipige isipokuwa gia iko P au N. Magari mengi ya zamani ya gia za mkono hayana kinga hiyo. Ukiwasha likiwa kwenye gia bila kukanyaga klachi, linaruka.

Fikiria tunavyoegesha. Hendibreki ya pikapu la zamani imechoka, kwa hiyo dereva huacha gia namba moja, huweka jiwe nyuma ya gurudumu na kushuka. Rimoti iko mfukoni, au juu ya meza ambapo mtoto anaichezea. Kitufe kinabonyezwa. Stata yenyewe ina nguvu ya kulisukuma gari hata kabla injini haijawaka, na injini ikishika, gari linaondoka bila dereva. Mbele yake wapo watoto wanaocheza, kuku, ukuta wa jikoni.

Zipo rimoti zilizotengenezwa kwa gari za gia za mkono. Zinamlazimisha dereva aache injini ikiwaka, aweke nyutro, avute hendibreki, atoe ufunguo, ashuke na kufunga milango, ndipo kifaa chenyewe kizime injini na kukubali kuwasha baadaye. Mlango ukifunguliwa tena, ruhusa hufutika. Utaratibu huo unategemea swichi za milango zisizokosea na hendibreki inayoshika. Kwenye gari la zamani vyote viwili ni vya kutiliwa shaka. Na mwenye dirisha wazi anaweza kuingiza mkono na kusukuma gia bila mlango kufunguliwa.

Kwa hiyo ushauri wetu hauna pembe: kwenye gari la gia za mkono, waya wa stata wa rimoti ukatwe mfupi, ufungwe tepu, usiungwe popote. Alamu itafanya kazi zake nyingine zote kama kawaida.

Magari mengine yanayosumbua

Dizeli. Injini nyingi za dizeli za zamani zina plagi za joto, na dereva husubiri taa ya koili izimike ndipo apige stata. Rimoti isiyojua kusubiri itapiga stata injini ikiwa baridi, na betri itakwisha kwa majaribio.

Kabureta. Kama gari lako huwaka baada ya kuvuta choki au kukanyaga mafuta mara mbili asubuhi, rimoti haina mguu wa kukanyaga. Itajaribu, itashindwa, itajaribu tena.

Ufunguo wenye chipu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya tisini magari mengi yalianza kuwa na ufunguo wenye chipu, na Ulaya kinga ya aina hiyo ikawa sharti kwa magari mapya mwaka 1998. Gari kama hilo halitawaka kwa rimoti ya kuongeza bila kifaa cha ziada. Fundi mwingine hushauri kuficha ufunguo wa pili ndani ya gari ili chipu isomeke. Ukikubali, umeacha ufunguo ndani ya gari kwa ajili ya yeyote atakayeupata.

Jambo la mwisho ni moshi. Ekzosi hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na huua mtu akiwa usingizini. Gari linalolala kwenye banda lililoungana na nyumba lisiwashwe kwa rimoti hata siku moja, kwa sababu anayebonyeza haoni milango ya banda iko wazi au imefungwa.

Jinsi ya kuitambua kazi nzuri

Simama karibu fundi anapofanya kazi. Si utovu wa adabu, gari ni lako. Angalia haya:

• Ametoa waya hasi wa betri kabla ya kukata waya wowote.
• Waya mkubwa wa alamu umeanzia kwenye betri ukiwa na fyuzi ndani ya shubiri moja au mbili kutoka kwenye nguzo. Fyuzi ikiwekwa mbali, kipande cha kabla yake kikichubuka hakina kinga, na hapo ndipo moto huanzia.
• Waya za ufunguo na stata ni nene. Za milango na taa zinaweza kuwa nyembamba.
• Maungio yamechomewa kwa risasi au kubanwa kwa koleo maalumu, kisha yamefunikwa. Waya zilizosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu hulegea kwa mitikisiko ya barabara zetu, na joto huyeyusha gundi ya tepu.
• Waya unaotoboa ukuta wa injini umepita kwenye mpira. Ukipita kwenye tundu la bati tupu, bati litaukata.
• Hasi imefungwa kwa bolti kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.
• Hakuna waya unaoning'inia karibu na pedali za breki, klachi na mafuta.

Mwisho mwombe akuchoree kwenye karatasi waya gani umeungwa wapi, na ifunge karatasi hiyo pamoja na kadi ya gari. Siku gari likigoma mbali na fundi huyo, fundi mwingine ataanza na karatasi.

Alamu inakula betri kiasi gani

Alamu haizimiki, hulala macho wazi. Tuseme inavuta miliampea 20, ambacho ni kiwango cha kawaida. Kwa siku ni karibu nusu ya ampea-saa. Kwa mwezi ni zaidi kidogo ya 14. Betri ya ampea-saa 50 itakuwa imepoteza kama robo na ushei kwa alamu peke yake. Betri mpya itavumilia. Betri ya miaka minne iliyochoka huenda isipige stata.

Kwa hiyo ukisafiri wiki kadhaa, mwachie mtu ufunguo aliwashe gari mara moja kwa wiki na kulitembeza, au toa waya hasi wa betri na utafute ulinzi mwingine.

Majaribio kabla ya kulipa

Fanya haya mahali tambarare, magurudumu yamezuiwa kwa mawe, bila mtu mbele wala nyuma ya gari.

1. Funga alamu, subiri dakika moja, kisha fungua kila mlango kwa zamu. King'ora kilie kila mara. Fanya hivyo kwa boneti pia.
2. Gonga kioo kwa ngumi laini, kisha kwa nguvu zaidi. Kilie kwa nguvu, kisilie kwa upole.
3. Ukiwa ndani, funga alamu kwa rimoti na ujaribu kuwasha kwa ufunguo. Stata isipige.
4. Fungua alamu, washa injini, kisha bonyeza vitufe vyote vya rimoti. Injini isizimike.
5. Kwa otomatiki yenye kuwasha kwa rimoti: fundi aketi kwenye kiti, gia ikiwa D, hendibreki imevutwa, mguu ukiwa juu ya breki bila kuikanyaga. Bonyeza rimoti. Stata isipige kabisa. Ikipiga, akanyage breki mara moja, na gari lisitoke gereji mpaka kosa lipatikane.
6. Liwashe kwa rimoti likiwa P, kisha kanyaga breki bila ufunguo. Injini izimike.
7. Liwashe tena, nyanyua boneti. Injini izimike.

Ikigoma njiani

Betri ya rimoti huisha bila kuaga. Weka ya akiba ndani ya pochi, si ndani ya gari. Jifunze pia kitufe cha dharura: kwa maboksi mengi unafungua mlango kwa ufunguo, king'ora kinalia, unageuza ufunguo ON na kubonyeza kitufe hicho, alamu inanyamaza na stata inarudi. Idadi ya kubonyeza hutofautiana, kwa hiyo jaribu mbele ya fundi, mara mbili, mpaka mkono uzoee. Wafundishe na wengine wanaoendesha gari hilo.

Kumbuka pia kwamba rimoti za bei nafuu hutuma namba ileile kila mara, na namba isiyobadilika inaweza kunakiliwa. Zile zinazobadilisha namba kila ukibonyeza ni salama zaidi. Uliza kabla hujanunua.

Kama umeshafungiwa kifaa hiki kwenye gari la gia za mkono na sehemu ya kuwasha inafanya kazi, usisubiri. Leo hii egesha gari kwenye nyutro, vuta hendibreki, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, weka rimoti mahali watoto hawafiki, kisha mwite fundi aje autoe waya wa stata. Ni kazi ya dakika chache.